Kijiji Kilichozaa Mtaa

Alfajiri, kabla jua halijapanda kutoka upande wa Msasani, wapiga debe wa Mbagala, Kariakoo na Gongo la Mboto wanaanza kuliita jina lile lile: Makumbusho! Makumbusho, wamebaki wawili! Abiria wanabanana, konda anapiga bodi la gari, safari inaanza. Jina hilo leo ni stendi, ni kata ndani ya Manispaa ya Kinondoni, ni anwani ya benki, maduka ya simu na vibanda vya chipsi. Muulize abiria anakwenda Makumbusho ipi, atakushangaa. Kwake Makumbusho ni moja tu, pale daladala zinapogeuzia.

Lakini stendi haikuanza. Kilichoanza ni kijiji, na kijiji hicho bado kipo, nyuma ya ukuta kando ya Barabara ya Bagamoyo: nyumba za nyasi, za udongo, za fito na za makuti, zimejificha chini ya miti huku majengo marefu ya Millennium Towers yakizitazama kutoka jirani. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 2026 kinatimiza miaka 60. Mji uliokuwa mbali nacho umekuja ukakimeza, kisha ukajiita kwa jina lake.

Nimelipenda jina hili tangu utotoni, na kadiri umri unavyosogea nalipenda kwa sababu nyingine. Limetoka kwenye kitenzi kukumbusha, na kitenzi hicho hakikamiliki bila watu wawili: yupo anayekumbusha, na yupo anayekumbushwa. Ghala linaweza kukaa peke yake na kufuli lake. Makumbusho hayawezi. Ndiyo maana, ninapofikiria historia ya taasisi hii, swali ninaloanza nalo ni nani amekuwa akimkumbusha nani, na kumkumbusha nini.

Mama wa kijiji hiki yuko katikati ya mji, Mtaa wa Shaaban Robert, ubavuni mwa Bustani ya Mimea waliyoianzisha Wajerumani. Ukishuka Posta ni mwendo mfupi kwa miguu: unaipita sanamu ya Askari, inayosimama pale tangu mwaka 1927, unashuka na Barabara ya Samora, unakata kona kwenye kivuli cha miti ya bustani. Wazo la kuwa na makumbusho Dar es Salaam lilianza mwaka 1934, Sir Harold MacMichael akiwa gavana wa Tanganyika. Januari 1936 Mfalme George wa Tano akafariki, na makumbusho yakafanywa kumbukumbu yake. Milango ilifunguliwa kwa umma mwaka 1940, dunia ikiwa tayari imo vitani.

Basi mkumbushaji wa kwanza alikuwa serikali ya kikoloni, na aliyetakiwa akumbukwe alikuwa mfalme wa London. Mkulima wa Kisarawe aliyekuja mjini kuuza mihogo yake hakuwa na deni la kumbukumbu kwa mfalme huyo. Na vile vitu vilivyowekwa ndani ya makabati ya kioo, ngoma, mikuki, vibuyu na vinyago, alivijua kwa majina na kwa kazi zake. Vingine alikuwa navyo nyumbani. Alichokikuta mle ni vitu vyake mwenyewe vikielezwa kwa lugha ya mtu mwingine, kwa ajili ya mgeni mwingine. Nayasema haya bila kinyongo kwa walioyajenga. Bila jengo lile vitu vingi vingepotea. Lakini jengo lilikuwa bado halijampata mwenyewe.

Uhuru ulipokuja, mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akiamini kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haina roho. Jengo la Mtaa wa Shaaban Robert likapanuliwa mwaka 1963, na likawa Makumbusho ya Taifa. Jambo la pili lilitoka mbali zaidi, tena mbali sana: kutoka kwa mkazi wa bonde la Oldupai aliyekufa miaka milioni moja na laki saba na nusu iliyopita.

Habari yake inafaa kusimuliwa polepole. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alitoka kambini Oldupai asubuhi. Mumewe Louis alibaki kitandani na homa. Mary akaenda kwenye korongo ambalo wataalamu hadi leo wanaliandika FLK katika majarida yao, na herufi ile ya mwisho ni Kiswahili: Frida Leakey Korongo. Pale chini, kwenye udongo uliomomonyolewa na mvua, akaona mfupa umechungulia, na kwenye mfupa meno mawili makubwa, meusi, yakiwa bado yamekaa mahali pake kwenye taya. Akarudi mbio kumwita mumewe. Siku zilizofuata walichekecha udongo kwa subira hadi wakapata vipande takriban 400, wakaviunganisha kimoja kimoja kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika, mpaka uso ukatokea.

Wakampa jina Zinjanthropus boisei. Boise alikuwa mfadhili wao. Zinj ndilo jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani yetu, na ndilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. Agosti ile ile Louis alilibeba fuvu hadi Leopoldville, kwenye mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika, na mwaka 1961 vipimo vya miamba ya volkano vikaonyesha umri wake. Ulimwengu uliokuwa ukitafuta asili ya binadamu kwingine ukageuza shingo kutazama Afrika Mashariki. Siku hizi wataalamu wanalipa jina la Paranthropus, na wanasema si babu yetu wa moja kwa moja bali ni ndugu wa ukoo uliokatika. Watu wa Dar es Salaam wameendelea kumwita Zinji, kama jirani.

Mwaka 1965 fuvu lilirejeshwa nchini na kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Nadhani hapo ndipo taasisi ilipozaliwa mara ya pili. Jengo lililojengwa kumkumbuka mfalme mmoja sasa lilikuwa limehifadhi kitu kinachomhusu kila mtu anayepita barabarani, mwenye viatu na asiye navyo. Fuvu lenyewe hutunzwa mahali salama na mgeni huonyeshwa nakala, lakini hilo halipunguzi kitu. Nimewaona watoto wakisimama mbele ya nakala ile, wakifungua midomo na kujigusa meno yao wenyewe kwa vidole, wakipima.

Mwaka mmoja baada ya fuvu kurudi, Makumbusho ya Taifa yakafanya jambo la ujasiri. Yakatoka nje ya kuta.

Wazo la makumbusho ya uwanjani lilikuwa limeanza Sweden, ambako Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, akihamisha nyumba za wakulima ubao kwa ubao na kuzisimika upya juu ya kilima. Njia ile isingewezekana kwetu. Nyumba ya magogo ya Sweden unaweza kuifungua, ukaibeba, ukaifunga tena. Nyumba ya Mgogo ukiibomoa unabaki na udongo na kuni. Kwa hiyo hapa Kijitonyama, wakati huo eneo la mashamba na minazi nje ya mji ambao wote ulikuwa na watu wasiofika laki 4, hazikuletwa nyumba. Waliletwa wajuzi wa kuzijenga.

Hili ndilo linalonifanya niione taasisi hii kuwa tofauti na nyingine zote za mji huu. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na kijiji hakikudai kuyamaliza. Kilichagua nyumba za kuwakilisha namna mbalimbali za kujenga: msonge wa Wahaya, mviringo mrefu wa nyasi zinazoshuka kutoka kileleni hadi kugusa ardhi, nyumba ya Wachaga, yenye watu upande huu na ng'ombe upande ule, nyumba ya Wanyakyusa yenye mianzi, ya Wazaramo na makuti yake, ya Wamwera wa kusini, na tembe la Wagogo, pana na fupi, paa lake tambarare limetandazwa udongo juu ya miti, ukisimama mbali unadhani ardhi imejiinua kidogo tu ikapumzika.

Lakini nyumba hizi zote zilizaliwa kwenye mvua tofauti, na hapa zimekusanywa chini ya mvua moja. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na tembe lilibuniwa kwa ajili ya ukame huo, joto la mchana na baridi ya usiku, upepo mkali na uhaba wa nyasi ndefu. Bukoba mvua inakaribia milimita 2,000, ndiyo maana msonge umeinamisha paa lake kama mtu aliyejifunika kanga mpaka miguuni: maji yateleze, yasitulie hata kidogo. Dar es Salaam iko katikati, milimita zaidi ya 1,000, na nyingi zinashuka kwa kishindo wakati wa masika. Msonge unastahimili. Tembe linateseka. Udongo wa paani unalowa, unakuwa mzito, miti inaanza kulalamika. Ongeza mchwa. Ongeza unyevu wa bahari. Mwenye kutunza tembe Dar es Salaam analea mtoto wa nchi kavu pwani, na inabidi amwangalie kila masika.

Matokeo yake ni jambo ambalo wageni wengi hawalitambui. Baada ya miaka 60, juu ya mapaa yale hakuna unyasi hata mmoja wa mwaka 1966. Nyasi zimeoza zikabadilishwa, zikaoza tena zikabadilishwa tena. Nguzo zimeliwa na kung'olewa. Kuta zimekandikwa upya mara nyingi. Kama ungedai kitu cha kale kwa maana ya kabati la kioo, ungeondoka mikono mitupu. Kilichodumu ni ujuzi: kujua mti gani hauliwi upesi na mchwa, nyasi zikatwe msimu gani, kamba ya gome ilowekwe muda gani kabla ya kufungia fito. Ujuzi huo hauwekwi rafu. Unakaa mikononi mwa watu, na mtu akifa bila kurithisha, kabati lake limefungwa moja kwa moja.

Nilielewa haya kwa bibi yangu. Alikuja kutoka upande wa Mpwapwa kutibiwa macho, akakaa kwetu miezi miwili. Mji ulimchosha. Alikuwa akiketi barazani kutwa akisikiliza honi, akiuliza kama watu hawa wote wana kwao. Jumamosi moja mama akasema, mpeleke Bibi akatembee. Nikampeleka Kijiji cha Makumbusho, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita na haya tele, maana nilihofu kuonwa na wenzangu nikiwa na kikongwe aliyejitanda kaniki.

Tulipita msonge, akautazama kwa heshima ya mgeni. Akasema watu hao wana nyasi nyingi. Tulipofika kwenye tembe hakusema kitu. Aliinama mlangoni bila kuambiwa ainame, akaingia. Mimi nikajigonga kichwa. Mle ndani giza lilikuwa limetulia, na siku ile moto ulikuwa umewashwa. Moshi mwembamba ulikuwa umejikunja chini ya boriti. Bibi akasimama. Akainua mkono akapapasa dari, miti ile iliyopangwa karibu karibu, akavisugua vidole vyake, akavinusa. Masizi.

"Nyumba hii ni nzima," akasema. "Ina moshi."

Mwongoza wageni, kijana mmoja mpole, akamwamkia tena, akamwuliza, "Bibi, moshi unafanya nini?" Akauliza kwa kutaka kujua hasa, akachuchumaa chini alipokuwa Bibi ameketi. Na Bibi yangu, ambaye kwa miezi miwili alikuwa hajasema sentensi tatu mfululizo, akaanza kufundisha. Moshi ndio unaofukuza dudu kwenye miti. Moshi ndio unaokausha nafaka kwenye kilindo, na unaokausha paa kwa chini mvua inapolilowesha kwa juu. Nyumba isiyopikwa ndani yake haimalizi miaka mitatu. Akanyoosha kidole: hapa hulala wazee, pale ndama, pale hukaa mwali, kule huwekwa mbegu ambazo hata njaa ikija haziguswi. Akavitaja vyumba kwa Kigogo, kijana akavirudia, Bibi akamsahihisha matamshi. Watoto wa shule waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni. Wakaingia. Bibi hakuwatazama kwa kuwa macho yake hayakuwa yakiona vizuri, lakini alisikia wamefika, akaongeza sauti.

Nilikuwa nimemleta nimwonyeshe makumbusho. Dakika ishirini baadaye ndiye aliyekuwa akiyaendesha.

Waliokiongoza kijiji hiki walilijua jambo hilo kabla yangu. Kuanzia miaka ya 1990 walianza kuyaalika makabila, moja baada ya jingine, kuja kufanya siku zao pale. Watu wa kabila lililoalikwa, wazee kutoka mkoani pamoja na watoto wao waliohamia Dar es Salaam, walikutana kupanga, kuchanga, kujenga upya au kukarabati nyumba yao, kupika vyakula vyao, kucheza ngoma zao na kuvieleza kwa wageni. Aliyewahi kuhudhuria anajua jinsi uwanja ulivyofurika. Anajua pia ubishi wake, maana hakuna ubishi mtamu kama wa wazee wawili wa kabila moja kuhusu upande sahihi wa mlango. Mmoja anasema unatazama magharibi, mwingine anasema huko kwenu, siyo kwetu ng'ambo ya mto. Mhifadhi anaandika yote mawili. Ubishi ule ndio utafiti wenyewe.

Na kwa vijana waliozaliwa Tandale, Mbagala au Kimara, wasiojua lugha ya babu zao zaidi ya salamu, siku zile zilikuwa mlango. Dar es Salaam ni mji unaokufanya Mswahili haraka, na hilo ni jambo jema. Tumeishi kwa amani kwa sababu yake. Lakini Mswahili wa Dar anayejua pia kwamba bibi yake alikuwa na jina la chumba cha kuhifadhia mbegu ni mtu mwenye akiba.

Upande wa kisheria nitaupita upesi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa ya mwaka 1980 ndiyo iliyoipa taasisi mwili wake wa sasa, na familia imekua. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977 kwenye jengo walikokutana viongozi wa TANU miaka kumi nyuma, na kuna makumbusho ya elimu viumbe ndani ya Boma la Mjerumani. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliotutoka. Pale Mtaa wa Shaaban Robert pameongezwa Nyumba ya Utamaduni, yenye ukumbi wa maonyesho ya jukwaani, na magari ya viongozi yamepewa banda lake, likiwamo Rolls-Royce lililowabeba magavana wa Kiingereza kisha likambeba Mwalimu. Mtoto wangu aliliangalia gari hilo kwa muda mrefu kuliko fuvu la Zinji. Sikumlaumu.

Nyuma ya jengo kuna mahali pengine ambapo watu hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Ni kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11 hapa Dar es Salaam siku moja na lile la Nairobi lililoua zaidi ya 200. Zipo nakshi za mawe zilizochongwa na msanii Mmarekani Elyn Zimmerman, na yapo mabaki ya vyuma vilivyopindika. Waliouawa walikuwa watu wa kazi, wa mji huu huu. Mimi hupenda kuwapeleka wageni hapo mwisho, baada ya miaka milioni na nusu na ushee ya Oldupai, ili waondoke wakijua kwamba makumbusho haya yanakumbusha hata juzi.

Songea ni habari nyingine, na inastahili makala yake. Makumbusho ya Majimaji yamejengwa pale Wajerumani walipowanyonga makumi ya mashujaa wa Kingoni mwaka 1906, miongoni mwao Nduna Songea Mbano aliyeupa mji jina. Wazao wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wamekitafuta kwa miaka mingi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale, akaketi na wazao hao, akaomba msamaha. Kichwa bado hakijarudi. Jijini Berlin, ndani ya makumbusho ya elimu viumbe, husimama mifupa ya dinosari wa Tendaguru mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, iliyochimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na kubebwa vichwani na mabegani na mamia ya wapagazi hadi bandarini. Watoto wa Dar es Salaam wanaposoma habari zake shuleni huuliza wataenda kumwona wapi. Hilo ni swali la haki, na wanaoliuliza wanazidi kuwa wengi.

Nimesema watoto, na hapa sina budi kusema neno ambalo limekuwa moyoni kwa muda. Ziara ya shule ndiyo damu ya makumbusho. Ya kwangu ya kwanza, nikiwa darasa la nne, ilikuwa ya mbio. Tulipangwa mstari, tukaambiwa tusiguse kitu, tukanakili maelezo ya ukutani kwenye daftari bila kuyaelewa, tukarudishwa kwenye basi kabla ya saa saba. Sikumbuki kitu kimoja nilichonakili. Nakumbuka harufu ya makuti yenye unyevu, na mwanamke aliyekuwa akitwanga kwenye kinu karibu na nyumba moja, aliyemwita mwenzangu mmoja aje ajaribu mchi. Mwalimu akamwita arudi mstarini. Mwenzangu yule alishika mchi kwa sekunde kama tano. Mpaka leo, tukikutana, anaukumbuka uzito wake.

Naomba walimu wa mji huu wawape watoto wao mchi. Wawape siku nzima. Kiingilio cha mwanafunzi ni kidogo, na nauli ya daladala kila mtu anaijua. Mzazi naye asingoje shule. Jumapili mchana, wakati wengine wanatafuta mahali pa kupunga upepo, Kijiji cha Makumbusho kina kivuli, kina ngoma, kina benchi chini ya mti. Ukienda na mzee wako, nenda polepole. Mpe muda wa kupapasa dari.

Mji hautaacha kubana. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala, pa kuegesha na pa kufanyia biashara. Ardhi kando ya Barabara ya Bagamoyo ni ya thamani ambayo waanzilishi wa 1966 wasingeiota. Kwamba katikati ya yote hayo bado kuna uwanja ambao umeachiwa nyasi, udongo na miti, ni uamuzi ambao umefanywa upya kila mwaka na watu ambao majina yao hayako kwenye kibao chochote: wafagiaji, walinzi, wapiga ngoma, waongoza wageni, wahifadhi wa mishahara ya kawaida waliokataa kwenda kwingine.

Majuzi nilipita pale asubuhi, kiangazi kikiwa kimeanza. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ngazi akiezeka upya upande mmoja wa paa, na kijana alikuwa chini akimpa nyasi, kicha kwa kicha. Mzee hakuwa akigeuka. Alikuwa ananyoosha mkono nyuma tu, na kicha kinafika. Kisha kimoja hakikufika. Akageuka, akamkuta kijana amesimama, amekishika kicha, analitazama fundo lake.

"Hili umefungaje?" kijana akauliza.

Mzee akashuka ngazi, pole pole, hatua kwa hatua. Akalifungua fundo. Akaanza tena, mbele yake.

Nje ya ukuta konda alikuwa akiita.